Visanduku Sita vya Mzee Geuza

Ndugu, majirani na wote mliofika kukaa nasi, kwa niaba ya familia nawasomea kwa ufupi maisha ya baba yetu, ambaye wengi wenu mlimzoea kwa jina la Mzee Geuza, jina alilolipata kazini.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Juni 1955, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa fundi seremala na mkulima wa mboga, akaanza darasa la kwanza mwaka 1963 na kumaliza la saba mwaka 1969, na bibi alikuwa akisema mtoto huyu anauliza maswali mpaka mbuzi wanachoka.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kwanza akikamua mashuka kwa mikono, baadaye akiendesha mashine, na mwaka 1994 akawa msimamizi wa madobi ishirini na wawili. Alifunga ndoa na mama yetu, ambaye ni mshonaji, tarehe 18 Desemba 1982, wakajaliwa watoto wanne, wa kike watatu na wa kiume mmoja, na leo ameacha wajukuu tisa.

Mwaka 1998 alipelekwa semina ya siku tatu kujaza nafasi ya mkubwa wake aliyeugua, wenzake wakamtania kwamba amekwenda kula biskuti, lakini alirudi na jambo moja, kwamba wazo jipya halisubiriwi, linatafutwa kwa utaratibu kama sindano iliyoanguka, pembe kwa pembe. Akachora ukutani kwa chaki visanduku sita, akaviandika Punguza, Ondoa, Unganisha, Badilisha, Azima na Geuza, na kila Jumatatu saa moja asubuhi, kabla ya kazi, madobi walikaa mbele ya ukuta na shida moja ya kazi, wakatia neno la kuitatua katika kila kisanduku, hata liwe la kipuuzi, na sheria ilikuwa hakuna kucheka wala kupinga mpaka vyote sita vijae. Hata nyumbani hatukupona, kwani siku meza ilipovunjika mguu alianza kutuchorea, mama akamwambia, "Baba watoto, ondoa visanduku, lete msumari."

Tarehe 1 Machi 2007 mkurugenzi wa hospitali alitoa siku thelathini, kwamba mashuka safi yasipofika wodini kabla ya saa sita mchana, kazi itapewa watu wa nje na madobi wote watakwenda nyumbani. Shida ilikuwa kuchambua, maana nguo zenye damu na zisizo na damu zililetwa katika rundo moja, zikachambuliwa sakafuni mpaka saa nne, ndipo mashine ziwashwe.

Jumatatu ya kwanza mkunja mashuka mmoja, mama mpole asiyependa kusemasema, alipofikiwa na kisanduku cha Geuza alisema, "Badala ya nguo kuja kwetu zichambuliwe, sisi twende wodini tukazichambue hukohuko." Baba, kwa uchovu na wasiwasi wa siku zile, akacheka, akasema, "Haya, tukamchambue na mgonjwa," watu wakavunjika mbavu. Tangu hapo yule mama hakufungua mdomo, na wengine nao wakaogopa, Jumatatu iliyofuata kisanduku cha Geuza kikabaki kitupu.

Baba alikuwa akisimulia haya mwenyewe, hakutaka yafichwe, kwamba tarehe 19, siku zikiwa zimebaki kumi na moja, alikitazama kisanduku kile akajua aliyekifunga ni yeye, akamwita yule mama mbele ya wote, akamwambia, "Dada yangu, nimevunja sheria niliyoiweka mwenyewe, nisamehe, nipe tena neno lako niliandike." Naye akajibu kwa sauti ndogo, "Neno ni lilelile, mzee, ila safari hii usicheke."

Kesho yake madobi walikwenda wodini na mifuko ya rangi mbili, muuguzi mkuu akanung'unika kwamba sasa wodi zimekuwa chumba cha kufulia, lakini siku ya tatu mashuka yalifika saa tano na nusu, na siku ile ya mwisho muuguzi huyohuyo ndiye aliyekwenda kwa mkurugenzi kuwatetea. Hakuondolewa dobi hata mmoja, na katika ripoti baba aliandika kwamba wazo lile ni la yule mama, lake yeye akaandika kosa tu. Ndipo madobi wakamwita Geuza, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa heshima.

Alistaafu tarehe 9 Juni 2015. Novemba 2022 alianza kusumbuliwa na figo, akatibiwa kwa zaidi ya mwaka, na tarehe 23 Januari 2024, saa tatu asubuhi, alifariki dunia akiwa ameshikwa mkono na mama.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia bila kuchoka, majirani waliotuchotea maji na kutuazima viti, na madobi, ambao wamefika wote isipokuwa wanne waliobaki kwenye mashine, wakatuma salamu kwamba hata leo wagonjwa hawawezi kulala bila shuka, nasi familia tunasema hao wanne wamemzika baba vizuri kuliko sisi sote.

Baba, mashine zinazunguka, pumzika kwa amani.