Darasa Lililo Karibu na Geti

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, binti wa chuo alikuwa akimbembeleza mwalimu mmoja, mama aliyepakata madaftari ya wanafunzi. "Nikikosa darasa la kufanyia utafiti kufikia kesho, idara ya elimu pale chuoni inampa mwenzangu nafasi yangu."

"Mwanangu, ninyi wa chuo mnakuja kwangu kila mwaka kwa kuwa darasa langu liko karibu na geti la shule. Watano wameshauliza kwa nini watoto hawajui kusoma. Nani alirudi kutuambia alichogundua?"

"Ripoti ziko maktaba ya idara, mama."

"Basi zisomeni!"

Nilicheka, Mungu anisamehe.

"Mimi nitarudi, haki ya Mungu."

"Hata wao waliapa hivyo hivyo."

Basi likasimama, mwalimu akashuka. Binti, aliyelipa nauli ya kufika chuoni, akashuka nyuma yake na fomu ya kuombea darasa mkononi.