Taa ya Mwalimu Asheri

Hamjambo huko mliko, wasikilizaji wapendwa. Sogezeni viti karibu na redio, na anayekuna nazi akune taratibu kidogo. Leo tunamkumbuka Mwalimu Asheri Shemweta, mpiga kinanda wa kanisa la Kilutheri mjini Tanga. Ametutoka wiki mbili zilizopita, katika masika haya ya mwaka 1959. Alikuwa mtu mwema. Lakini wivu alikuwa nao, jamani! Mkewe, Mama Bertha, ameniambia, "Useme yote. Ukimpamba tu, watu hawatamjua." Basi nasema yote.

Kinanda alijifunzia milimani, Usambara. Shuleni kwao kinanda kilikuwa kimoja na wanafunzi arobaini. Asheri akachora vibonye kwa mkaa juu ya ubao, akawa anaupiga ubao huo huku akiimba sauti zake kwa mdomo. Miaka miwili mizima alipiga ubao! Mwaka 1948 akaletwa Tanga kufundisha, akakabidhiwa kinanda cha kanisa, kile cha kukanyaga kwa miguu. Kwa miaka minane hakukigusa mtu mwingine.

Kisha akaja Ruthi Mhina. Ruthi alikuwa nesi, msichana wa miaka ishirini na miwili, amepanga chumba mtaa wa Makorora. Jumapili moja ya mwaka 1956 Asheri alishikwa na homa, Ruthi akapiga badala yake. Mama Bertha aliporudi, mumewe akamwuliza ibada ilikuwaje.

"Nikamjibu bila kufikiri," anasema Mama Bertha. "Nikasema, leo kinanda kimeimba. Loo! Akasukuma sahani. Akaniuliza, 'Kwani miaka yote hii kilikuwa kinafanya nini?'"

Kijiba cha roho kikamkaa. Tangu hapo walipiga kwa zamu, na Ruthi akipiga watu walisahau hata kukohoa. Asheri alisonya, kisha akajikuta mguu wake unafuatisha. Msichana alimpita, na kanisa zima hakuna aliyelijua hilo kama yeye mwenye sikio. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri. Kinanda kile kilikuwa na ugonjwa. Masika yakiingia, unyevu wa bahari huvimbisha mbao zake. Ukibonyeza kibonye hakirudi, kinalia tu. Dawa aliijua Asheri: kila Jumamosi ya masika aliingiza taa ya chemli ndani ya kinanda, utambi mdogo, ikaukausha ule unyevu hadi asubuhi. Dawa hiyo aliijua yeye na mkewe, basi.

Pasaka ya mwaka 1957 zamu ilimwangukia Ruthi. Akaenda kwa Asheri kwa heshima zote.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna jambo nilijue kuhusu kinanda?"

"Marahaba. Kinanda ni kinanda, mwanangu. Wewe kanyaga tu."

Jumamosi ile Mama Bertha aliiona taa iko mezani. "Mume wangu, leo taa haiendi kanisani?"

"Si zamu yangu."

Mvua ikanyesha hadi alfajiri. Asubuhi, wimbo wa kwanza, ubeti wa pili, kibonye kimoja kikakwama, kikalia mfululizo. Ruthi akakigonga, wapi! Watoto wakacheka, kwaya ikapotea. Ruthi akainuka, akatoka analia. Na Asheri alifurahi. Ndiyo, alifurahi, alikiri mwenyewe. Akaenda, akakiinua kibonye kwa ukucha, akapiga ibada yote. Watu wakampa mkono.

Kesho yake Ruthi akaja kwake. "Nisamehe, mwalimu. Nimekiharibu kinanda chako. Sitakigusa tena."

Na kweli hakukigusa. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asheri akapiga peke yake kama zamani, lakini sasa alikuwa anausikia upigaji wake mwenyewe. Sikio lilikuwa limekwisha kuonja kitu kingine.

Wiki ya nne akabeba taa yake mchana kweupe, akaenda Makorora kwa miguu. Watu njiani wakamtania, "Mwalimu, jua halikutoshi?" Akakaza mwendo. Mlangoni kwa Ruthi akasema, "Dawa ya kinanda ni hii. Nilikuficha, kwa wivu wangu."

"Nilipotoka nalia, uliniona?"

"Nilikuona."

"Ukacheka?"

"Moyoni."

Ruthi akaipokea taa, akafunga mlango. Hakusema kama amemsamehe. Ila Jumapili alikuwa kwenye kinanda, na Asheri benchi la tatu.

Ikawa hivyo miaka miwili. Jumamosi za masika nyumba ya Asheri ilimulikwa na koroboi, maana taa yao nzuri ilikuwa kanisani. Msidhani wivu uliisha! Hadi mwezi uliopita alisonya kwanza, ndipo akafuta macho.

Siku ya maziko, Ruthi alikifungua kinanda, akaitoa taa ingali ya moto, akaiweka juu, watu wote waione. Nilimwuliza baadaye kwa nini. Akasema, "Kila Jumapili alinitazama, anangoja niseme nimemsamehe. Nilikwisha kumsamehe zamani. Nilikuwa namkomoa tu. Taa ile ndiyo ilikuwa neno langu."

Mama Bertha na wanao, poleni sana. Na wewe Ruthi, pole. Wasikilizaji wapendwa, yupo mtu anangoja neno kwako, na wewe unamjua. Mpelekee leo, mchana kweupe, hata wakikucheka njiani.