Ngozi Haina Likizo ya Kanivali

Mheshimiwa Katibu wa Sayansi wa Jimbo la Bahia; Daktari Otacílio, mkurugenzi wa jengo hili tulilopanga; Dona Jurema na wenzako mliofunga biashara asubuhi ya leo kwa ajili yetu, wafanyakazi wangu, mabibi na mabwana.

Jumatano ya Majivu, mwaka jana, Kanivali ilipokwisha, tulikuta tumepoteza ngozi mia moja themanini na nne. Zilikuwa hai, kila moja upana wa sarafu, na zote zilifia humu ndani huku jiji zima la Salvador likicheza.

Mimi Valdirene nilianza kwa kuchemsha sabuni jikoni kwa shangazi. Sikurithi kitu ila sufuria. Miaka mingi nilinunua ngozi za maabara kutoka ng'ambo, nijaribie krimu zangu bila kumtesa sungura, na zote zilikuwa nyeupe. Katika wateja wangu kumi, tisa ni weusi. Kwa nini swali liulizwe Salvador, lijibiwe na ngozi isiyowahi kuliona jua letu?

Dona Jurema, muuza bajia za kunde wa pale kona, alipopunguzwa matiti kuokoa mgongo wake, aliridhia ngozi iliyobaki tupewe sisi. Tukaziotesha chembe hai zake, tukazilisha kila siku, kisha tukaziinua zipate hewa, maana bila hewa ngozi haikomai. Na ikatulipa fadhila: manukato yaliyopita salama kwenye ngozi za kununua yaliacha madoa kwenye ya kwake. Tukayatupa kabla hayajafika usoni kwa mtu. Kila nikipita pale kona alikuwa akiniuliza, "Vipi, pacha wangu kala leo?"

Kisha ikaja Kanivali, na jengo zima likaenda likizo. Nilimwomba Daktari asizime umeme. Akacheka: "Dona Valdirene, hata watakatifu wanapumzika!"

"Watakatifu hawali, Daktari. Ngozi inakula."

Swichi kuu ikashushwa, kama ilivyo desturi ya jengo, na mageti yakafungwa. Hata mimi sikuweza kuingia. Kabati la joto likapoa. Friza yenye akiba yetu yote ya chembe ikayeyuka.

Nilipompelekea Dona Jurema habari, aligeuza kwanza bajia mbili tatu. "Mwanangu, matiti mengine ya kupunguza sina." Halafu akawapigia kelele wenzake: "Jamani, nani anaenda kupasuliwa mwaka huu?"

"Mimi! Tumbo!"

"Lako, Cleonice, litatosha Brazili nzima!"

Walijitokeza wanne, wakaridhia ngozi itakayobaki tupewe sisi. Leo, nyuma ya mlango huu, zimo ngozi mia sita na kumi na mbili, za rangi nne, kuanzia tangawizi hadi kahawa isiyotiwa maziwa, na zimeoteshwa hapahapa, na mikono ya hapahapa. Nani atatuambia tena tusubiri jibu kutoka ng'ambo? Nawe Daktari nakusifu: bila mkono wako kwenye swichi ile, tungebaki na rangi moja. Ila sifa ya namna hiyo mtu hapewi mara mbili.

Kanivali ni baada ya wiki tatu. Nimekuuliza mara tatu kama utauzima tena umeme, ukanijibu "tutaona." Dona Jurema huyo, kiti cha mbele. Utepe unakatwa saa tano kamili, na mkasi ninao mimi.

Mmenisikiliza kwa subira, nawashukuru nyote; sasa ni zamu yangu kusikiliza. Daktari Otacílio, kabla ya saa tano: umeme utabaki, ndiyo au hapana?