Nimeshiba ya Oaxaca

Ndani ya basi la mwendokasi la Mbagala, Naima alitazama dirishani, lakini masikio yalikuwa kiti cha mbele. Gregori, mchonga vinyago wa Chang'ombe, alikuwa akimsimulia Bi Somoe, aliyekutana naye humo humo, alivyotembezwa kwa baiskeli mjini Oaxaca, kule Meksiko.

“Makanisa ya mawe ya kijani, mama! Na kila kona chakula. Mwenyeji akinikaribisha, nasema nimeshiba, nangoja anibembeleze. Yeye akaamini! Tukaendelea kunyonga baiskeli.” “Hana adabu huyo!” Bi Somoe akadakia. “Kosa langu, mama. Bibi mmoja muuza mikate ya mahindi ndiye aliyeniokoa. Hakuuliza, alinitia mkononi mkate wa moto. Namwombea mpaka leo.”

Bi Somoe akafunua hotipoti la vitumbua. “Karibu, baba.”

“Ahsante, mama, nimeshiba.”

Akamtia viwili mkononi. Basi liliposimama, Gregori alishindwa hata kuaga. Mdomo ulikuwa umejaa.