Miaka Thelathini na Springi ya Njano: Kumuaga Fundi Kornelio Lohay

Tarehe 30 Juni 1988, Bwana Kornelio Lohay, Fundi Mkuu wa chumba cha injini katika Karakana ya Marera hapa Karatu, atastaafu baada ya kutumikia miaka thelathini kamili. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1958. Katika muda huo wote alichelewa kufika kazini mara moja tu, mwaka 1964, na sababu yake ilikuwa tembo aliyesimama katikati ya njia na ambaye, kwa maelezo ya Bwana Kornelio mwenyewe, "hakuonyesha dalili yoyote ya kuwa na haraka".

Alizaliwa Kansay mwaka 1933. Kabla ya kuja kwetu alikuwa mpaka grisi wa matrekta katika shamba la ngano huko Oldeani, pamoja na vibarua waliotoka Singida na Dodoma. Anasema kwamba huko alijifunza mambo mawili: Kiswahili, na kwamba trekta halina huruma kwa mtu anayekisia. Alipopewa benchi lake hapa Marera, jambo la kwanza alilolifanya ni kuning'iniza daftari la shule kwenye msumari. Kila atakayefungua injini aandike kwanza anachokiona, anachokisikia na anachokidhani. Baada ya kuifunga aandike kama alidhani sawa. Madaftari hayo sasa yamefika arobaini na moja, na mafundi wengi waliopita mikononi mwake wanakiri kwamba waliogopa kalamu yake kuliko ukali wake.

Si kwamba ukali ulikosekana. Bolti iliyookotwa sakafuni ilipelekwa kwa mwenyewe wakati wa chai, ikawekwa juu ya andazi lake.

Wazee wa karakana hawajasahau safari ya Endulen ya mwaka 1969. Lori letu liliharibika gasketi ya pampu ya maji, na gasketi ya akiba haikuwapo. Bwana Kornelio alitembea hadi boma la karibu, akamweleza mama wa boma hilo, Bibi Namunyak, shida yake. Bibi Namunyak alimtazama, akaingia ndani, akatoka na kipande cha ngozi ya ng'ombe. "Hii imeshika maji ya mvua miaka sita," alimwambia. "Kama gari lako linakunywa zaidi ya mvua, basi si gari." Ngozi ilikatwa kwa kisu, ikalowekwa kwenye mafuta, ikafungwa. Lori lilirudi Karatu, na kipande hicho kilikaa mahali pake wiki tatu. Tangu mwaka huo, kila gari letu liendalo Endulen hubeba sukari na majani ya chai kwa boma hilo. Agizo hilo halikuandikwa popote, wala halijawahi kusahauliwa.

Hata hivyo, makala hii ingekuwa pungufu kama isingeeleza kwa kirefu mambo ya mwaka 1985.

Mwaka huo bodi ya karakana ilifikiria kukifunga chumba cha injini. Ilidaiwa kwamba injini zote zingeweza kupelekwa Arusha, na hapa Karatu pakabaki kazi ya matairi na kubadilisha mafuta. Wakati huohuo yalitangazwa mashindano ya magari ya kupanda kutoka Mto wa Mbu, chini kabisa bondeni, hadi ukingo wa kreta ya Ngorongoro. Meneja wetu, Bwana Olais Metui, aliiomba bodi isubiri mpaka mashindano yaishe. Karakana ilikuwa na Datsun moja kuukuu ya mashindano yenye turbo. Kama mafundi wa Marera wangeiandaa wao wenyewe, nayo ikafika ukingoni bila injini yake kufunguliwa njiani, chumba cha injini kingebaki. Bodi ilikubali, lakini kwa shingo upande. Mjumbe mmoja aliuliza ni nani atakayewajibika gari likizimika mbele ya watu.

Bwana Kornelio aliinuka. Alikwenda kwenye benchi lake, akarudi na karatasi yenye sentensi moja: "Gari la karakana lisipofika ukingoni bila injini yake kufunguliwa, naondoka kazini kwa hiari yangu." Aliweka sahihi. Mahali pa tarehe alipaacha wazi. Bwana Olais aliifungia barua hiyo katika droo yake, na kuanzia siku hiyo kila mtu karakanani alijua kwamba miaka ishirini na saba ya mtu imewekwa juu ya Datsun.

Kwa wasiojua kazi hii, turbo ni feni mbili zilizofungwa kwenye shafti moja. Ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini. Ya pili huisukumia injini hewa zaidi ya ile ambayo ingejivutia yenyewe. Hewa ikizidi, kilango kidogo hufunguka na kuupitisha moshi pembeni, na feni hupunguza mwendo. Kinachokizuia kilango hicho kisifunguke mapema ni springi. Springi ikiwa laini, gari huwa pole. Springi ikiwa ngumu, gari huwa kali, na pistoni huwa hatarini.

Turbo ya zamani ya Datsun ilikuwa imechakaa na ilikuwa ikitoa moshi wa buluu. Kwa kuwa mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena, mfanyabiashara mmoja alituletea kutoka Nairobi turbo mbili za kuchagua, kubwa na ya wastani, pamoja na springi tatu zilizopakwa rangi kulingana na ratili za msukumo wa hewa zinazohimili: ya njano ratili tano, ya buluu ratili nane, na nyekundu ratili kumi na mbili.

Karatu nzima ilikuwa na maoni. Dereva wetu, Ngoyai Sankale, alitaka turbo kubwa na springi nyekundu, na hakuwa peke yake. Hoja yao ilionekana kuwa nzuri: kule juu hewa ni nyepesi, injini hukosa pumzi, basi isukumiwe kwa nguvu zote. Hotelini watu waliweka dau la chapati. Bwana Kornelio aliifunga turbo kubwa, akampa Ngoyai gari, akapanda naye hadi ukingoni, kisha akaandika katika daftari: "Inaamka baada ya kona." Ndivyo ilivyokuwa. Katika barabara yenye kona, gari huingia taratibu na kutoka taratibu, na turbo kubwa huhitaji moshi mwingi kabla ya kuanza kazi. Inapoanza, kona nyingine imekwishafika. Siku ya pili ilifungwa ya wastani. Ngoyai alinung'unika kwamba Mzee anataka washindane na punda. "Punda hufika," Bwana Kornelio alimjibu, akaendelea kukaza nati.

Ilibaki springi. Hakuziamini rangi. Alikifunga kilango kwenye jiliwa, akakiunganisha na pampu ya mguu na geji ya matairi, akapima kila springi mara tano, akitazama ni kwa ratili ngapi kijiti cha kukifungua kilango kinaanza kusogea. Nyekundu aliikataa palepale, kwa sababu petroli ya siku zile, iliyopatikana kwa kibali, haikuwa ya kuaminika. Alichagua ya buluu. Walipanda ukingoni mara tatu, na mara zote tatu gari lilikwenda kama lililoitwa. Ngoyai aliacha kutaja punda. Katika daftari kuna neno moja la siku hiyo, "Tayari", limepigiwa mstari.

Halikuwa tayari, na aliyeligundua hilo ni Bibi Lukresia, mtunza stoo wetu, ambaye hajawahi kuendesha gari. Alipoletewa springi mbili zilizobaki ili azihifadhi, aliuliza swali moja: "Fundi, mbona kila siku mnapanda tu? Mashindano si yanaanzia kule ndizi zinakoivia?"

Ni kosa ambalo lingeweza kufanywa na watu wa nyanda za juu peke yao. Sisi huku tumezoea kwamba adui wa injini ni mwinuko, baridi na hewa nyepesi. Gari likishinda ukingo tunasema limeshinda yote. Hakuna aliyefikiria kushuka. Kumbe bondeni, saa nane mchana, ambayo ndiyo ilikuwa saa ya kuanza, hewa ni nzito na ya moto, na ratili nane juu ya hewa ya namna hiyo ni mzigo mwingine kabisa.

Mafundi wengine wangejitetea. Bwana Kornelio alifuta neno "Tayari", akaandika chini yake jina la Bibi Lukresia na swali lake, akaliteremsha gari hadi Mto wa Mbu siku ileile. Katika kilomita ya pili ya kupanda injini ilianza kugonga, kwa mlio kama wa kokoto ndani ya kopo. Kila fundi anaujua mlio huo: ni pistoni inayoomba msaada. Alimsimamisha Ngoyai papo hapo. Wauza ndizi walikuja kuwatania wakiuliza kama Datsun imechoka kabla ya kuanza, wakawauzia mkungu.

Zilikuwa zimebaki siku tisa. Springi ya njano haikugonga bondeni, lakini ukingoni gari lilikuwa dhaifu mno. Ya buluu ilikuwa hodari ukingoni na ya hatari bondeni. Springi ya katikati haikuwapo, na Nairobi ilikuwa mbali. Bwana Olais, kwa nia njema, alimwita na kumwambia kwamba barua ile ingeweza kuchanwa na gari likaondolewa mashindanoni bila aibu. Bwana Kornelio alimshukuru, akamwomba petroli zaidi.

Alichokifanya baadaye sasa hufundishwa kwa kila mwanafunzi anayeingia Marera. Alichukua bati la jembe bovu, akakata washa nyembamba, yaani vipete bapa vya chuma, akazisugua kwa tupa mpaka zikalingana, akazipanga chini ya springi ya njano ili ianze kazi ikiwa imekwishabanwa kidogo. Washa moja: ratili tano na nusu. Washa mbili: sita. Tatu: sita na nusu. Kila alipoongeza washa, walishuka mchana wa jua kali na kupanda wakisikiliza, dereva akiendesha na fundi akiwa ameinamisha sikio karibu na dashibodi. Safari kumi na moja ziliandikwa. Mkewe, Mama Bibiana, alilalamika kwamba siku hizo hata sufuria ya makande haikuweza kuchemka nyumbani bila mume wake kuitegea sikio na kusema kama inagonga au haigongi.

Washa ya nne ilirudisha mlio wa kokoto. Akaitoa. Ikabaki springi ya njano, washa tatu, ratili sita na nusu. Wenzake walimshauri asiseme, maana watu wangecheka: gari la mashindano lenye springi laini kuliko zote! Yeye aliwaambia wote waliouliza.

Siku ya mashindano magari kumi na tisa yaliondoka Mto wa Mbu. Matano yalisimama kabla ya kufika Rhotia, mengine yakitoa moshi mweupe, na wauza ndizi walifanya biashara nzuri. Datsun ya Marera ilipita Karatu ikiwa ya sita. Mafundi wote walikuwa barabarani isipokuwa mmoja. Bwana Kornelio alikuwa ndani, akibadilisha plagi za lori la ngano, kwa sababu lori hilo liliahidiwa kuwa tayari jioni. Gari lilipopita, aliuzima mwanga wa tochi yake, akasikiliza mpaka mlio ulipopotea upande wa lango la hifadhi, kisha akaiwasha tena. Katika kona za msituni Ngoyai aliyapita magari matatu. Alifika ukingoni wa tatu, na msimamizi wa mashindano aliikagua lakiri ya risasi iliyofungwa kwenye injini kabla ya kuondoka, ili isifunguliwe njiani, akaikuta nzima.

Ngoyai alirudi Karatu akipiga honi, akateremka, akasema mbele ya watu wote: "Mzee, punda amefika." Bwana Kornelio alimwomba ufunguo wa gari, akafungua boneti, akamwuliza: "Umeandika?"

Chumba cha injini hakikufungwa. Leo kina mafundi kumi na wanne, na magari huja kutengenezwa kutoka Wasso na Mbulu.

Barua ilibaki katika droo. Mara kadhaa Bwana Olais alitaka kumrudishia, naye alikataa, akisema kwamba mtu akijua barua yake ilipo huamka mapema. Wiki iliyopita aliitwa ofisini kukamilisha taratibu za kustaafu, akaambiwa kwamba anatakiwa kuandika barua. Alijibu kwamba aliiandika zamani. Droo ilifunguliwa. Ngoyai, aliyekuwapo, alimwambia kwamba karatasi ile imekwishakufa, kwa kuwa gari lilifika. Bwana Kornelio aliisoma akiwa amesimama, akaomba rula, akapiga mstari mmoja ulionyooka juu ya nusu ya kwanza ya sentensi, akajaza tarehe mahali alipopaacha wazi. Barua iliyomo katika jalada lake sasa inasema: "Naondoka kazini kwa hiari yangu. 30 Juni 1988."

Fundi Kornelio, uongozi na wafanyakazi wa Marera wanakushukuru. Springi ya njano na washa zake tatu tumezitundika kwenye msumari uleule wa daftari, na daftari la arobaini na mbili limekwishafunguliwa. Ukurasa wa kwanza tumekuachia uandike unachokidhani juu yetu. Tunakutakia wewe na Mama Bibiana afya na utulivu huko Kansay, mvua kwa wakati wake, ng'ombe wenye maziwa, na sufuria isiyogonga.