Mlango Uangalie Wapi

Sifa zote kwa Bwana, ndugu zangu. Wazee wangu mlioko mbele, shikamooni. Mimi ni Bhoke, na kwa mdomo wangu huu mnanifahamu.

Niliolewa Kemambo, nikakaa miaka ishirini na saba. Mume wangu akasema hanitaki tena, tukaachana mbele ya wazee. Nikarudi hapa Nyambureti kwa kaka yangu, nina miaka arobaini na nane na wajukuu wawili. Kaka akanipa kiwanja, nikamwita fundi Marwa, yule bwana wa kijiji cha Mbalibali aliyefiwa na mkewe, anijengee.

Ndugu zangu, sitawaficha. Nilipomwona akivuta kamba ya msingi, moyo ulinilipuka. Mwili niliodhani umeshalala ukaamka. Niliona aibu, nikakimbilia kwa mama mchungaji, nikamwambia nina pepo la tamaa. Tukafunga siku tatu. Pepo halikutoka. Siku ya tatu nilimtamani Marwa, na ugali pia.

Siku ya nne Marwa akaniuliza, "Mama, mlango uangalie wapi?"

Mnajua kwetu mlango wa mwanamke huangalia zizi la mumewe. Mimi sina mume, sina zizi. Nikasema, "Kamuulize kaka."

Akasema, "Kaka yako hatalala humu. Nakuuliza wewe."

Jamani! Tangu nizaliwe hakuna aliyeniuliza ninataka nini, na mimi mwenyewe sikuwahi kujiuliza. Nikaweka ndoo ya maji chini, nikazunguka kiwanja chote taratibu, machozi yananitoka. Nikafika pale jua linapochomozea, juu ya vilima. Nikanyoosha mkono, nikasema, "Huku."

Hapo nilihisi Mungu amesimama karibu mno, nikaogopa hata kugeuka. Kile nilichokiita pepo alikuwa amekiweka Yeye. Nilikuwa nafunga ili aondoe zawadi yake.

Nyumba imeisha. Asubuhi nikifungua mlango, mwanga unaingia mpaka kitandani. Nashangaa tu. Asante, Bwana wangu.

Dada yangu uliyeachwa, mwambie Mungu unachotaka, ukitaje kabisa. Mwamini, hatakucheka.

Jumapili iliyopita Marwa aliniuliza aende lini na wazee kwa kaka yangu kuniposa. Nimemwambia kwa kaka atakwenda, lakini aanze kwangu. Mlango anaujua.