Kengele Ambayo Haikulia Kwangu: Wasifu wa Marehemu Fundi Kisahani

Marehemu kaka yangu, mliyemzoea kwa jina la Fundi Kisahani, alizaliwa tarehe 9 Februari 1957, mtoto wa tatu kati ya watano. Mimi ninayesoma ni dada yake, kitinda mimba. Mnisamehe karatasi ikitetemeka. Naogopa, na sababu mtaisikia.

Jina hilo alilipata darasa la nne, alipoifungua redio ya baba na kuziweka skrubu kwenye kisahani cha mama. Baba akaingia ghafla. "Usiwe na wasiwasi, baba, zote zipo." Redio ilisema tena, ila kisahanini zilibaki skrubu mbili. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1971 na sekondari ya ufundi mwaka 1975, kisha akapata cheti cha umeme.

Kuanzia 1978 hadi 2010 alitengeneza simu, baadaye kompyuta, katika ofisi ileile moja. Mwaka 1984 alimwoa wifi yangu, muuguzi, wakajaliwa binti mmoja. Wifi alitutangulia mwaka 2014.

Upweke haukumkalisha kitako. Tarehe 6 Juni 2015 aliwaita majirani sebuleni kwake, wakazizunguka kompyuta kuukuu zilizotupwa na ofisi yake. Ikawa desturi ya kila Jumamosi. Hakuuza kitu. Kabla mtu hajashika bisibisi, alimwuliza: "Hiki kifaa kingekuwa mtu wa nyumbani kwako, ungekituma nini?" Dereva mmoja alitaka kimkumbushe mkewe kwamba ameolewa na mtu mwema. Tulicheka mpaka mwalimu mstaafu, anayeishi peke yake, aliposema: "Mimi ningekituma kije asubuhi kuangalia kama nimeamka."

Kazi ikaanzia hapo. Kaka aliiweka kompyuta moja mezani pake, na wazee kumi na wawili wanaoishi peke yao, yeye akiwamo, wakapata kila mmoja kijisanduku chenye kitufe. Mzee asipobonyeza kabla ya saa mbili asubuhi, kengele hulia kwa jirani. Chake kilitakiwa kuliza kengele kwangu.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2021. Alituambia ni uchovu tu. Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, kijisanduku cha mama mshonaji, mmoja wa wazee wale, kiliharibika, kaka akang'oa chake akampa. "Nitaunda kingine wiki ijayo. Kwani nakwenda wapi?" Mganga hajigangi. Jumanne, tarehe 14, moyo wake ulisimama alfajiri. Kwangu saa mbili ilipita kimya, maana kompyuta haikuwa tena na kijisanduku chake cha kusubiri, nikanywa chai yangu bila wasiwasi wowote. Nilimkuta saa tisa alasiri. Daktari anasema hata kengele isingemwokoa. Nataka sana kumwamini.

Ile kompyuta bado inafanya kazi. Juzi mlipotaka kuisogeza mpate pa kuweka viti, nilipiga ukelele mkadhani ni kilio. Ilikuwa hofu. Hakuna kati yetu anayejua alivyoiunga. Siku ikizimika, kengele zote zitanyamaza, nasi tutadhani ni heri.

Ameacha binti, mkwe, wajukuu wawili, mimi dada yake niliyebaki peke yangu kati ya watano, na wazee kumi na mmoja wanaobonyeza kila asubuhi. Jumamosi hii saa nne tukutane sebuleni kwake, tufungue kompyuta nyingine, tuunde ya akiba. Skrubu ya kwanza nitaifungua mimi, nikitetemeka hivi hivi, na kisahani kitakuwepo. Tena naomba kijisanduku kimoja zaidi. Mimi pia naishi peke yangu, na aliyekuwa akija kunigongea ndiye huyu tunayemzika.

Pumzika kwa amani, kaka. Asubuhi nitabonyeza.